Je, saa ya mkononi yaweza kumpimia baba sukari?

"Shikamoo mtaalamu. Naandika kutoka Pasua, Moshi. Baba yangu ana miaka 67, yuko Kibosho, na huu ni mwaka wa tisa ana kisukari. Anameza metformin asubuhi na jioni, na glibenclamide asubuhi. Tulimnunulia mashine ya kupimia sukari kwa 45,000 tukafurahi, kumbe gharama yenyewe iko kwenye stripu. Kichupa cha stripu 50 ni 40,000, na yeye alikuwa anapima mara mbili kwa siku. Mwezi wa tano binamu yangu akamletea saa kutoka Dubai inayosoma presha, oksijeni na sukari bila kutoboa kidole. Imekuja na cheti kilichoandikwa FDA, ile ya Marekani. Tangu hapo hatujanunua stripu. Saa inasoma kati ya 5.6 na 6.8 kila siku, lakini juzi duka la dawa walimpima wakapata 13.1. Kurudi nyumbani, mashine yetu na stripu zilizobaki ikasoma 11.9. Tuamini kipi? Na kama Marekani wameshazipitisha saa hizi, kwa nini TMDA, mamlaka yetu ya dawa na vifaa tiba, wasiziruhusu na sisi tukapunguziwa mzigo?"

Marahaba. Nianze kwa kusema mimi ni nani, nisije nikachukuliwa kwa nisivyo. Ni mhandisi wa vifaa tiba hapa Arusha. Kazi yangu ni kufunga, kupima na kutengeneza mashine za hospitali. Dozi ya mzee si yangu kuigusa. Ila swali lako kwa sehemu kubwa ni la mashine, kwa hiyo nalijibu moja kwa moja: aminini zile namba mbili za damu, na saa msiitumie tena kwa sukari kuanzia leo. Nasema leo kwa sababu ya ile glibenclamide, nitaieleza mbele.

Ukiigeuza saa hiyo utaona nyuma yake taa ndogo, mara nyingi za kijani, na kijicho kinachopokea mwanga unaorudi. Damu ikipita kwenye ngozi kwa kila pigo la moyo, mwanga unaorudi hupungua na kuongezeka kidogo. Kwa kuhesabu mawimbi hayo saa hupata mapigo ya moyo, na kwa mapigo hufanya kazi nzuri tu. Sukari ni habari nyingine. Sukari ya 5.5 ni kama gramu moja ndani ya lita nzima ya damu. Mtu mzima ana lita tano hivi, yaani sukari yote inayozunguka kwenye damu yake haizidi kijiko kimoja cha chai. Kuitafuta kwa mwanga kupitia ngozi, mafuta na nyama ni kazi ngumu mno, maana maji ya mwilini humeza mwanga ule ule ambao ungeweza kuionyesha sukari, na maji ndiyo yamejaa kila mahali.

Jamaa mmoja alituletea karakana saa ya jamii hiyo akitaka tumwambie kama ni nzima. Tukaifunga kwenye ndizi mbivu iliyokuwa mezani. Ikazunguka sekunde kadhaa, kisha ikatoa mapigo 72, presha 118 kwa 76, na sukari 5.9. Ndizi ile ilikuwa na afya kutushinda sote mle ndani. Sasa, ndizi haina moyo wala damu. Namba zile zilitoka kwenye programu iliyopangwa kutoa majibu ya kupendeza, na ndiyo sababu namba za mzee wako hazitoki nje ya 5.6 na 6.8 hata siku ambayo damu yake inasema 12 au 13. Ukitaka kujiridhisha, soma saa kabla hajala, kisha saa moja na nusu baada ya sahani ya wali. Kwa mtu mwenye kisukari, namba isiyotikisika baada ya mlo kama huo haipimi kitu.

Usidhani walioshindwa kupima sukari bila kutoboa ni wachovu au hawana fedha. Mwaka 2001 Marekani iliidhinisha saa iliyoitwa GlucoWatch, ambayo ilivuta majimaji ya ngozi kwa umeme mdogo. Iliwasha ngozi, ilihitaji kulinganishwa na damu ya kidole hata hivyo, na baadaye ikatoka sokoni. Mwaka 2014 Google walitangaza lenzi ya jicho ya kupima sukari kwenye machozi. Mwaka 2018 kazi hiyo ikasimamishwa kwa sababu sukari ya machozi haikufuatana na ya damu. Hata kipimo cha oksijeni cha kubana kidoleni, ambacho kimezoeleka wodini miaka mingi, kina kasoro yake kwa ngozi zetu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba upungufu wa oksijeni usioonekana na kifaa hicho ulitokea kwa asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa weusi, dhidi ya asilimia 3.6 kwa weupe. Hicho ni kifaa kinachoheshimika. Saa ya dukani isiyo na jina la kiwanda tuiweke wapi?

Sasa tuje kwenye "Marekani wameshazipitisha". Hawajazipitisha. Tarehe 21 Februari 2024, FDA, chombo cha Marekani kinachosimamia dawa na vifaa tiba, kilitoa onyo kwa wananchi wasitumie saa wala pete yoyote inayodai kupima sukari bila kutoboa ngozi, na kikasema hakijaidhinisha hata moja. Ile GlucoWatch ya zamani ilikuwa imeshatoka sokoni. Najua mkanganyiko ulikotoka. Watu huona video za Wamarekani wanaotazama sukari kwenye saa zao, na ni kweli wanaiona, ila saa hapo ni kioo tu cha kuonyeshea. Mwenye kupima ni sensa iliyobandikwa mkononi au tumboni, yenye kinyuzi kilichoingia chini ya ngozi. Sensa za namna hiyo zimeidhinishwa, na Machi 2024 FDA iliruhusu ya kwanza inayouzwa bila cheti cha daktari. Binamu yako aliona kitu cha kweli akauziwa kingine.

Na kile cheti? FDA haitoi vyeti vya usajili wa vifaa. Kiwanda hujiandikisha jina na anwani kwenye orodha yao, na kujiandikisha hakumaanishi kwamba kifaa kimekaguliwa. Kampuni za pembeni ndizo zinazochapisha hizo karatasi zenye nembo na mhuri wa dhahabu. Alama ya CE, ile ya soko la Ulaya, nayo isikupumbaze. Kwa vifaa vya hatari ndogo mtengenezaji hujitangazia mwenyewe kwamba ametimiza masharti. Kifaa cha kujipimia sukari nyumbani hakiko kwenye kundi hilo, kwa hiyo pembeni ya CE yake lazima kuwe na tarakimu nne, namba ya taasisi huru iliyokikagua. CE tupu kwenye mashine ya sukari ni ishara mbaya.

Kuhusu TMDA, nitakuwa mkweli pande zote mbili. Mamlaka hii, iliyokuwa TFDA hadi 2019 ilipobaki na dawa na vifaa tiba huku chakula kikihamia TBS, shirika la viwango, ilitambuliwa na Shirika la Afya Duniani mwishoni mwa 2018 kuwa imefikia ngazi ya tatu ya ubora, ya kwanza Afrika. Vifaa inavipanga kwa madaraja manne, A hadi D, kadiri ya madhara yanayoweza kumfika mgonjwa kifaa kikidanganya au kikiharibika. Anayetaka kusajili kifaa hupeleka ushahidi kwamba kinafanya kazi, maelezo ya kiwanda, lebo na maelekezo ya matumizi. Hayo yote yana ada na yana muda, na gharama hiyo mwishowe inaingia kwenye bei unayolipa dukani. Nimewahi kuona kifaa kizuri, cha bei nafuu, kikaishia njiani kwa sababu mwagizaji mdogo aliona soko letu halirudishi fedha ya usajili. Hilo ni tatizo la kweli, na nchi ndogo moja moja haziwezi kulimaliza. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo makao yake yako hapa hapa Arusha, ilianza mwaka 2012 kuoanisha usajili wa dawa ili mtengenezaji asibishe hodi kila nchi peke yake. Kwa vifaa tiba ningependa tufike huko haraka zaidi.

Ila ukiniuliza kama ni usajili uliofanya stripu ziwe ghali, nitakataa. Stripu ni ghali kwa mpango wa kibiashara wa watengenezaji wenyewe. Mwenye duka lolote la steshenari pale mjini anaujua mpango huu: printa unauziwa kwa bei ya kutamanisha, halafu wino ndio unaokukamua miaka yote. Stripu za mashine moja haziingii kwenye nyingine, kwa hiyo ukishanunua mashine umefungwa hapo. Wewe ulilinganisha bei za mashine. Ulipaswa kuangalia bei ya stripu moja moja na kujua kama duka la Moshi litakuwa nazo mwakani.

Hata hivyo, hizo stripu si karatasi tu. Kwenye ncha kuna kimeng'enya kilichopakwa kama rangi nyembamba. Damu ikifika, kimeng'enya hushughulika na sukari peke yake kati ya vitu vyote vilivyomo, na katika kazi hiyo hutoa chembe za umeme. Mashine hupima huo umeme: sukari nyingi, umeme mwingi. Mwaka 1970 mashine za kwanza za kazi hii zilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo moja na ziligharimu takribani dola 500, zikakaa kwa madaktari tu. Leo mzee wa Kibosho anayo mfukoni. Ubunifu wa kweli katika vifaa tiba huwa wa namna hiyo: kazi ile ile, inayoaminika vile vile, kwa bei inayoshuka.

Kimeng'enya hicho huharibiwa na unyevu na joto. Ndiyo maana kichupa kina kifuniko cha kubana na kikaushio ndani. Hapa nina ugomvi na baadhi ya maduka ya dawa ya Moshi na Arusha, yanayouza stripu kwa kuhesabu: tano kwenye kimfuko cha nailoni, kumi kwenye karatasi iliyokunjwa. Nimeelewa kwa nini wateja wanazipenda, kwa sababu 5,000 ipo na 40,000 haipo. Lakini stripu iliyokaa siku nne kwenye kimfuko mfukoni mwa koti, jasho na mvua za masika juu yake, haina tena uhakika, na haikwambii kwamba imeharibika. Itakupa namba tu. Msinunue stripu zilizotolewa kwenye kichupa chake, hata kama muuzaji ni shemeji.

Kuna jambo jingine dogo linalogharimu watu usingizi. Mzee akimenya ndizi mbivu au embe kisha akatoboa kidole bila kunawa, mashine itapima na sukari ya tunda. Kupaka spirit juu yake hakutoshi. Anawe kwa maji na sabuni, akauke, ndipo atoboe. Na asikamue kidole kwa nguvu.

Kuhusu 13.1 na 11.9, hazigombani. Kiwango cha kimataifa kinachotumika, ISO 15197 cha 2013, kinataka walau vipimo 95 katika 100 visipishane na maabara zaidi ya asilimia 15 pale sukari inapokuwa 5.55 au zaidi. Tuseme sukari yake ya kweli ilikuwa 12.5: mashine nzuri yaweza kusoma popote kati ya 10.6 na 14.4 ikawa haijakosea kwa kiwango hicho. Ongeza kwamba vipimo havikufanyika dakika moja. Zote mbili zinasema neno lile lile: sukari ya mzee iko juu, na imekuwa juu huku saa ikiwafariji.

Sasa glibenclamide. Dawa hii hulilazimisha kongosho litoe insulini iwe mtu amekula au hajala. Mzee akipitiwa na mlo, akishinda shambani kwenye migomba na uji wa asubuhi tu, au figo zikianza kuchoka, sukari yaweza kushuka hadi kumwangusha, na dawa hii hukaa mwilini muda mrefu. Orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani inaeleza wazi kwamba glibenclamide haifai kwa wenye zaidi ya miaka 60. Sisemi aiache kesho asubuhi. Msiiache wala kuipunguza wenyewe. Nasema muulizeni daktari wake wiki hii, kwa maneno haya haya: "Baba ana miaka 67, je, hii bado ndiyo dawa yake?" Mpaka mpate jibu, tatizo kubwa la saa ile ni kwamba siku sukari ikiwa 2.8 na mzee anatoka jasho na kuongea ovyo, yenyewe itasoma 5.9.

Mkiona kutetemeka, jasho la baridi, njaa ya ghafla au kuchanganyikiwa, pimeni damu. Ikiwa chini ya 3.9, au hamna cha kupimia, mpeni vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida, mpime tena baada ya dakika 15, kisha ale chakula. Akishindwa kumeza au akipoteza fahamu msimwekee kitu mdomoni. Ni gari na hospitali moja kwa moja. Na hata akizinduka, kwa mtu wa glibenclamide apelekwe siku hiyo hiyo, kwa sababu sukari yaweza kushuka tena usiku.

Tuje kwenye mfuko wako. Kupima mara mbili kila siku ni stripu 60 kwa mwezi, 48,000. Je, anazihitaji zote? Mwaka 2017 watafiti wa North Carolina walichapisha matokeo ya wagonjwa 450 wa kisukari aina ya pili wasiotumia insulini. Baada ya mwaka mmoja, waliojipima kila siku hawakuwa na udhibiti bora kuliko ambao hawakujipima kabisa. Sababu naiona kila mahali: namba inaandikwa kwenye daftari na hakuna anayebadilisha kitu kwa sababu yake. Lakini msikimbilie kuacha kabisa. Mzee yuko kwenye dawa inayoshusha sukari kwa nguvu, na sasa hivi sukari yake iko juu. Ninachoona kinafaa, na daktari akikubali, ni apime kwa wingi kidogo kwa wiki moja kabla ya kliniki, alfajiri kabla ya kula na saa mbili baada ya chakula cha jioni, ili daktari awe na kitu cha kusoma. Dozi ikitulia, vipimo viwili kwa wiki vinaweza kutosha, pamoja na wakati wowote anapojisikia vibaya. Hiyo ni kama stripu nane kwa mwezi, 6,400 kwa bei yako.

Hapo pana mtego mmoja. Kichupa kikishafunguliwa huwa na muda wake, miezi mitatu kwa aina nyingine, sita kwa nyingine, na umeandikwa kwenye lebo. Ukitumia nane kwa mwezi, kichupa cha 50 cha miezi mitatu kitaharibika nusu. Tafuteni cha 25, hata kama bei ya stripu moja itakuwa juu kidogo. Na zile zilizobaki kwenu tangu mwezi wa tano, angalieni zilifunguliwa lini kabla hamjaendelea nazo.

Kubadili mashine kupata yenye stripu nafuu si wazo baya. Kabla ya kulipa, tafuta jina la mashine pamoja na stripu zake kwenye orodha ya vifaa vilivyosajiliwa iliyoko tovuti ya TMDA, au mwombe mfamasia wa wilaya akusaidie. Ofisi ya TMDA ya Kanda ya Kaskazini iko Arusha, na cheti chenu cha dhahabu watataka kukiona. Sensa za kubandika ni kitu kizuri kwa mtu wa insulini ambaye sukari yake hupanda na kushuka hovyo, lakini sensa moja hudumu siku 10 hadi 15 kisha inatupwa. Kwa mzee wako, fedha hiyo ningeipeleka kwingine.

Kwingine ni HbA1c. Ni kipimo cha maabara kinachosoma sukari iliyoganda kwenye chembe nyekundu za damu, na kwa kuwa chembe hizo huishi takribani siku 120, kinaonyesha wastani wa miezi miwili hadi mitatu. Hakidanganywi na mzee aliyejichunga kwenye chakula siku mbili tu kabla ya kliniki, na wazee wetu wanajua sana mchezo huo. Kama ana upungufu wa damu amwambie daktari, kwani majibu yanaweza kupotoka, na stripu nazo husoma juu zaidi kwa mwenye damu pungufu. Msisubiri tarehe ya kadi. Kwa namba mlizonazo aende wiki hii, hospitali ya Mawenzi, ya KCMC au kituo alikozoea. Akitapika, akipumua kwa kasi, akiwa na kidonda mguuni, au mashine ikiandika HI, yaani sukari imepita uwezo wake wa kusoma, basi ni leo.

Siku hiyo aende na mashine yake na kichupa chake. Damu ya mshipani ikitolewa kwa ajili ya sukari, atoboe kidole pale pale, ndani ya dakika chache, kabla hajala, na muandike namba zote mbili. Zikipishana kwa zaidi ya asilimia 15, rudieni siku nyingine kwa kichupa kipya. Zikiendelea kupishana hivyo, msiitupe mashine. Ipelekeni kwa mfamasia wa wilaya au TMDA pamoja na stripu na namba ya toleo iliyo kwenye kichupa, kwa sababu toleo hilo hilo litakuwa limeuzwa kwa wengine pia.